Mikono ya Tadei Nyuma ya Goli

Glovu zilikuwa kwenye debe la mbegu. Siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wake, mama alifungua lile debe kutafuta mpunga wa kukoboa kwa ajili ya watu wa matanga, mkono wake ukagusa kitu kigumu kama ngozi ya kambale mkavu. Akazitoa, akazitazama, akanipa. Nikazinusa. Najua si jambo la kufanya mbele za watu, mtu mzima kunusa glovu, lakini nilinusa. Zilikuwa na vumbi la mpunga na matope ya zamani, na chini kabisa, kama sikuwa najidanganya, harufu ya majivu ya pumba tuliyokuwa tunachorea mistari ya uwanja.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanachambua mchele. Bi Modesta, ambaye sasa ni mzee na miguu imemvimba, aliziona glovu mikononi mwangu akatikisa kichwa.

"Tadei alikuwa kipa," alisema. "Hilo simnyimi. Kipa kama yule hatujapata tena. Lakini alituuza. Mungu amsamehe, maana mimi nilimwona kwa macho yangu haya. Sisi tumefungwa, yeye yuko nyuma ya goli kanyanyua mikono anashangilia."

Wenzake wakaguna. Mama akauinamia ungo wake. Na mimi, ambaye siku ile ndiye pekee niliyebaki ninayejua mikono ile ilikuwa inafanya nini, nilikaa kimya.

Ndiyo maana naandika. Niliishia darasa la saba na sina uhakika kama jambo hili linaandikika. Nitajaribu kumtendea haki kila mtu, hata mimi mwenyewe, ingawa hapo ndipo penye kazi.

Mliokuwa watoto wakati mmoja na mimi, na mkakulia Ifakara, mtaikumbuka timu ya Kambale. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Magoli yalikuwa ya miti, na kwa kuwa mistari ilikuwa ya majivu, mvua ikinyesha kipindi cha kwanza, kipindi cha pili kila mchezaji alikuwa na mstari wake kichwani. Tulijiita Kambale kwa sababu samaki huyo hujifukia kwenye tope kiangazi kizima, ukadhani amekufa, mvua ikija anatoka. Wapinzani nao hawakukosa la kusema. Watu wa Lupiro, enzi hizo kabla ya daraja, walivuka mto na pantoni wamebeba kambale mkavu kwenye kijiti, wakauzunguka uwanja wakiimba, "Leteni ugali, mboga tunayo!" Nilikuwa nalia kwa hasira. Leo nakubali kwamba ulikuwa wimbo mzuri, na sisi hatukuwahi kupata wa kuwajibu.

Kipa wetu alikuwa mjomba Tadei, kitindamimba wa kwao mama. Baba yangu alifariki kabla sijaanza shule, na mjomba akahamia kwetu ili mama asilime peke yake. Alikuwa mrefu, mikono yake kama imeazimwa kwa mtu mkubwa zaidi. Uwanjani hakusema, nyumbani hakunyamaza. Mali yake ilikuwa mipira ya juu upande wa kulia. Aliiruka mkono wa kulia umekunjwa ngumi, wa kushoto unaufuata kwa chini kidogo, umefunguka, kama mtu anayeangua papai huku anaogopa lisimwangukie. Nimeangalia makipa wengi tangu hapo, wa uwanjani na wa kwenye televisheni, sijaona mwingine anayeruka hivyo. Inawezekana wapo, sijaona tu.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila mechi niliandika majina ya wachezaji wote kumi na mmoja na kumpa kila mmoja maksi kwa kumi, kama mwalimu, na mstari mmoja wa sababu. Ilianza kama mchezo wangu. Kocha Kasiani, aliyekuwa fundi baiskeli barabara ya kivukoni, alinikuta naandika, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila Jumatatu nikitoka shule nilipitia kwenye kibanda chake, wachezaji wamekaa juu ya matairi na magurudumu, nami nasoma. Waliniita Katibu.

"Bosko, straika. Tatu."

"Tatu! Katibu, si nimefunga goli mimi?"

"Lilikugonga mgongoni."

"Mgongo wenyewe ni wa nani?"

"Severini, beki wa kushoto. Nne. Amepanda mara nyingi, kushuka hakushuka."

"Nilikuwa nashuka taratibu."

"Mpaka leo hujafika," Bi Modesta alidakia kutoka kwenye karai lake la vitumbua, kwa sababu alikaangia pale pale ubavuni mwa kibanda na hakuna neno lililompita.

Kuhusu hao wawili maoni yangu hayajabadilika. Bosko alikuwa na mguu wa kulia kama nyundo. Wa kushoto ulimsaidia kushukia baiskeli tu. Severini alikuwa na mapafu ya farasi na akili ya winga, na tatizo letu kubwa lilikuwa kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia yeye ni beki. Mjomba nilimpa nane, mara nyingine tisa. Na kwa kuwa ni mjomba wangu, kila wiki nilimpunguzia moja ili wasiseme napendelea. Nilijivunia sana ile moja.

Msimu ninaousema ulianza vizuri. Tuliwapiga watu wa Lupiro kwao, na kambale wao tukarudi naye sisi. Lakini ligi yetu ilichezwa wakati wa palizi. Nani aliipanga hivyo sijui, labda mtu asiyekula wali. Wachezaji walikuja uwanjani Jumapili migongo imeshakufa tangu Ijumaa. Shamba letu lilikuwa njia ya kwenda kijiji cha Mbingu, na asubuhi moja ya mechi tulikuwa ndani ya mpunga, mama mbele, mimi na mjomba nyuma, tunang'oa magugu. Mjomba aliinama, akainuka ghafla, kashika jicho la kushoto.

Jani la mpunga ukilitazama ni laini tu. Ncha yake ni sindano.

"Katibu, njoo uniangalie. Kuna kitu?"

Alipiga magoti kwenye maji ili nimfikie. Nilimfungua kope kwa vidole vya matope. Jicho lilikuwa jekundu, linachuruzika. Na katikati, juu ya ile sehemu nyeusi, palikuwa na kidoa cheupe, kidogo kuliko chenga ya mchele. Au labda siku ile hakikuwepo, nimekiweka mwenyewe baadaye. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu. Ninachojua kwa hakika ni nilichosema, na kwa nini. Jua lilikuwa linapanda, nilitaka tuwahi mechi.

"Hakuna kitu, mjomba."

Akanishukuru. Akachuma majani aliyoyajua, akayafikicha, akajikamulia jichoni, akaendelea kupalilia. Wiki mbili alijikamulia yale majani. Mama alipomuuliza, alisema ni vumbi.

Kisha tukaanza kufungwa. Sikuwa mtoto wa kulia tu, nilikuwa mtoto wa kuandika, kwa hiyo niliandika kila goli lilipopita, na baada ya mechi nne nikaona kitu kilichonitia baridi. Yote yalipita kushoto kwa mjomba. Hakuna hata moja la kulia. Nikaanza kumtazama yeye badala ya mpira, na hapo nikaona jingine. Kila mara wapinzani wakivuka katikati, mjomba aligeuza shingo kushoto. Anageuza, anarudi, anageuza tena, kama kuku anayechungulia punje. Upande ule kila mechi walikuwepo watu, wakiwemo wasichana wa ushonaji waliovaa vizuri Jumapili. Nikafanya hesabu zangu za kitoto. Mjomba anatazama watu. Anataka kuonekana. Mpira unakuja na yeye hayupo.

Niliumia kuliandika. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakaukia kwenye ncha. Lakini nilikuwa nimejiwekea kwamba daftari haliongopi, hata kwa damu yangu. Basi Jumatatu baada ya kufungwa Mbingu mabao mawili, nilisoma wengine wote, nikafika kwake.

"Tadei, kipa. Nne. Anageuza shingo kushoto kila mara kutazama watu. Hayupo mchezoni."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Kocha Kasiani aliweka spana chini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kumbe si mimi peke yangu niliyeona," alisema. "Bosko, pale Mbingu upande ule walisimama kina nani?"

Bosko akatazama miguu yake. "Viongozi wao."

Naapa sikuelewa. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine kutafuta nini nimesema. Mjomba alikuwa ameketi juu ya ringi, kulia kwangu, mimi kushoto kwake. Akageuza shingo, lote, kunitazama, na wote wakauona ule mgeuko, moto moto, mbele yao.

"Sema kitu, Tadei," kocha alisema. Sauti yake ilikuwa inaomba.

"Katibu ameandika alichokiona."

"Ndiyo jibu hilo?"

"Ndilo nililonalo, kocha."

"Basi Jumapili utapumzika. Hamisi atadaka."

Nyuma yetu mafuta ya Bi Modesta yalikuwa yanachemka bila kitumbua ndani. "Ndiyo maana," alisema polepole. "Ndiyo maana jamani tunafungwa." Kabla jua halijazama, Ifakara nzima ilijua kwamba Tadei ameuza mechi, na kwamba aliyemfichua ni mtoto wa dada yake.

Simlaumu kocha. Ukiwa na timu inayozama na mtu akakuletea sababu, unaishika. Hata Bi Modesta simlaumu, maana alimpenda mjomba kuliko wote, alimpa vitumbua vya bure miaka yote, na mtu aliyependa hivyo akidhani amesalitiwa hana namna ya kulisema kwa sauti ndogo.

Ilibaki mechi moja, na timu ya Sanje, nyumbani kwetu. Tukitoa sare tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa tunashuka, na kila mtu alijua Kambale ikishuka haitapanda, kwa sababu mwenye mashine alishasema anauhitaji ule uwanja.

Wiki ile shule zilikuwa zimefungwa na mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, kwa hiyo mjomba alikuwa shambani anaamia ndege. Hiyo ndiyo kazi inayotutoa jasho sisi wa bonde. Unakaa juu ya dungu, ulingo wa miti katikati ya shamba, na kombeo lako na vidonge vya udongo, kutwa nzima unafukuza kwelea kwelea, maana wakitua dakika tano wamekula wiki yako. Mama alinituma nimpelekee chakula. Nilitembea naogopa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, ila sikujua naomba msamaha wa nini.

Nilipokaribia niliona shamba kabla sijamwona yeye. Upande wa kulia wa dungu masuke yalikuwa yameinama kwa uzito, manjano, mazuri. Upande wa kushoto yalikuwa yamesimama wima. Suke likisimama wima wakati wa kukomaa, limeliwa. Nusu ya shamba letu ilikuwa imesimama wima, na mjomba juu ya dungu alikuwa anaimba, kombeo mkononi, wakati kundi la kwelea kwelea limetua hatua kumi kutoka kwake linakula.

"Mjomba, ndege!"

"Wako wapi?"

"Hapo! Kushoto kwako!"

Akageuza shingo, lote, vile vile kama uwanjani. Lakini pale hapakuwa na watu wa kuwatazama. Palikuwa na mimi tu na bakuli la wali. Nilisimama ndani ya mpunga ulioliwa.

Alirusha kidonge, ndege wakaruka wote kama shuka iliyokung'utwa. Kisha akashuka, akiipapasa ngazi kwa mguu.

"Kushoto huoni," nilisema.

"Naona mwanga mwanga."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi."

"Lile jani?"

Alichukua bakuli, akakaa kwenye tuta. Jicho lake sasa nililiona bila kufunguliwa kope. Chenga ilikuwa imekua punje nzima.

"Nilikwambia hakuna kitu," nilisema.

"Ulikuwa na haraka ya mechi. Hata mimi nilikuwa nayo." Akala matonge mawili. "Nilikwenda hospitali baadaye, nikamwambia mama yako ni malaria. Wakasema nimechelewa. Sasa nisikilize vizuri, Katibu. Hili usiliandike."

"Lakini wanasema umeuza mechi!"

"Waache waseme. Mtu aliyeuza mechi, mwakani akiokoa penalti mbili wanambeba mabegani. Kipa wa jicho moja nani atampa goli? Kasiani akijua yeye, kesho zinajua baiskeli zote za Ifakara. Nitafanya mazoezi. Jicho moja linazoea. Mwakani narudi."

"Basi nimwambie mama tu."

"Mama yako ndiyo kabisa usimwambie. Shamba lake, palizi yake. Unataka alale na hilo?" Akanishika bega kwa lile kono kubwa. "Niahidi."

Niliahidi. Niliamini kweli kwamba jicho linazoea, kama mguu wa kushoto wa Bosko ambao ungezoea asingekuwa mvivu. Jioni mama alikuja akaliona shamba. Hakupiga kelele. Alilishika suke moja tupu, akalivunja, akasema, "Tadei, na hili pia umeuza?" Mjomba akasema, "Nilisinzia, dada." Nilikuwa nimesimama katikati yao. Hiyo nayo sikuiandika.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka kwenye paa la mashine. Niwatendee haki watu wa Sanje, walikuwa wazuri. Walikuwa na namba kumi mfupi aliyecheza kama hana mifupa. Na nimtendee haki Hamisi pia. Kwa kipa wa benchi aliyeambiwa siku sita kabla, alidaka vizuri, mipira mitatu aliokoa ambayo ningempa nane bila ubishi. Kosa lake lilikuwa moja, kimo, na hakujiumba. Bosko alikosa goli tupu, kwa mguu ule ule mnaoujua. Severini alipanda na kupanda. Mpaka dakika za lala salama ilikuwa sifuri kwa sifuri, na watu walishaanza kuhesabu kwa sauti, na mimi nilikuwa nimefumbata daftari kifuani nasali rozari isiyokuwa na mpangilio.

Mjomba alikuja. Hakuweza kutokuja. Alisimama peke yake nyuma ya goli letu, pembeni ya ua wa mihogo, na watu walikuwa wamemwachia nafasi kama anaumwa ugonjwa.

Namba kumi wa Sanje alipiga kutoka mbali. Mpira ulipanda juu, taratibu, upande wa kulia wa kipa, chini kidogo ya mwamba. Hamisi aliruka, vidole vikaishia hewani. Mimi sikuwa namtazama Hamisi. Nilikuwa namtazama mjomba, kwa mazoea ya daftari, na nilimwona anaruka. Nyuma ya goli, chini ya mihogo, bila glovu, mkono wa kulia umekunjwa ngumi, wa kushoto unaufuata kwa chini, umefunguka. Miguu iliacha ardhi. Ilipotua, mpira ulikuwa ndani ya goli na mikono yake ilikuwa bado juu.

Na ndivyo watu walivyomwona walipogeuka.

"Anashangilia!" Bi Modesta alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. "Jamani, Tadei anashangilia! Tumekukosea nini, baba? Tumekukosea nini?"

Hakupigwa. Ingekuwa afadhali. Watu walimtazama tu, umati mzima, na yeye akaishusha mikono polepole, akaitazama kama ya mtu mwingine. Kisha akapita ndani ya mihogo akaenda zake. Mpira ulirudishwa katikati, refa akapuliza mara moja zaidi, ikaisha.

Jumatatu nilikwenda kibandani na daftari. Hakuna mchezaji aliyekuja. Kocha Kasiani alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa.

"Leo hatusomi," alisema. Nikageuka kuondoka. "Katibu. Wewe ni damu yake. Kuna kitu hukuandika?"

Nilifikiria mwakani, penalti mbili, mjomba mabegani. Nilifikiria mama na usingizi wake.

"Hakuna kitu," nilisema. Kwa mara ya pili.

Mwakani haukuja. Uwanja ulizungushiwa ua, leo kuna maduka. Jicho halikuzoea, likawa jeupe lote, na watu walipoliona wakasema Mungu ameshamlipa. Hata lile lililokuwa ushahidi wake wakalifanya hukumu yake. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia, mjomba, sasa tuseme. Akacheka. "Wataamini leo? Watasema tumetunga." Hakuvaa glovu tena, wala hakusimama kwenye kundi la watu wanaoangalia mpira. Nilichoweza kufanya ni kutembea kushoto kwake kila tulipokwenda pamoja, sokoni, kanisani, shambani, miaka yote. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Siku ya kumzika nilijikuta niko kushoto kwa jeneza.

Baada ya matanga kuvunjika nilimweleza mama kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, "Shamba lipi?", kana kwamba tuliwahi kuwa na mawili. Tangu siku ile hajasema zaidi na mimi sijui kama nilifanya vyema kumwambia. Kwa Bi Modesta sijaenda bado. Kila siku najivika viatu, navua.

Kwa kocha Kasiani nilikwenda jana. Siku hizi anaziba matairi ya bodaboda.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Katibu! Pole na msiba."

Nikaweka glovu na daftari juu ya benchi lake, nikamweleza yote. Jani, majani ya kukamulia, dungu, masuke yaliyosimama, ahadi. Alisikiliza huku ameshika tyubu ambayo upepo ulikuwa unaisha mkononi mwake taratibu.

"Kushoto tu?" aliuliza.

"Kushoto tu. Kulia hakuwahi kufungwa. Iko humu, nimeandika."

"Basi ningemkataza Severini kupanda." Alilisema kama mtu anayesoma kitu ukutani. "Ningemfunga kamba pale pale, awe jicho lake la kushoto. Msimu mzima. Ilikuwa kazi ya neno moja, Katibu."

Nilitaka kumwambia pengine anasema hivyo kwa kuwa leo ni rahisi kusema. Inawezekana ni kweli. Lakini sikuwa na nguvu ya kubishana.

"Na ile mikono?" alisema baadaye. "Mikono niliiona mimi mwenyewe."

Nikasimama katikati ya matairi yake. Nikainua mikono, wa kulia nikaukunja ngumi, wa kushoto nikaufuatisha kwa chini kidogo, nikaufungua. Nikaegemea kulia. Mwenye bodaboda aliyekuwa anasubiri tairi lake alitutazama kama tumeharibikiwa.

Kocha alifuata kwa macho kutoka begani kwangu mpaka kwenye ngumi, kisha juu ya ngumi, mahali ambapo mpira ungekuwa.

"Ungetoka," alisema. "Ule ungetoka. Ingekuwa kona."

Akageukia tyubu yake. Mimi nilibaki pale nimeinua mikono, nimeshindwa kuishusha.